Je, Kijana Akigeuza Nia ya Chuo Ana Lawama?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemjaalia mwanadamu akili ya kuchagua na moyo wa kufikiri tena. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakisha kutoka, nyumba zetu nyingi huingia katika mazungumzo ya namna moja. Mtoto amefaulu, wazazi wamefurahi, jamaa wamepelekewa habari, na chuo kimekwisha chaguliwa. Kisha mtoto mwenyewe huja na neno jipya: "Baba, nimefikiri tena. Chuo kile sikitaki, na masomo yale nataka nibadili." Hapo furaha hugeuka ugomvi. Baba huona amevunjiwa heshima, mama huona mwanawe ameingiwa na kigeugeu, na mtoto huona hana wa kumsikiliza.

Swali ninalotaka tulitazame leo ni hili: Mtu aliyechagua njia ya elimu kisha akageuza nia, je, ana lawama? Na ikiwa hana, atajuaje kuwa kugeuza kwake ni kwa haki, wala si wasiwasi tu unaompeperusha? Swali hili si dogo. Miaka mitatu au minne ya ujana hairudi, na fedha inayotumika mara nyingi ni jasho la mzazi, au ni mkopo wa serikali ambao iko siku utadaiwa.

SHAURI LILILOLETWA KWANGU

Nyinyi wasomaji wa pwani huenda wengi wenu hamjafika huku kwetu Makandana, katika mji wa Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Ni nchi ya milima, ya chai na migomba, na mvua yake haina mchezo. Wajerumani waliuita mji huu Neu Langenburg, na wamishonari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, kwa hiyo sisi Waislamu hapa tu wachache katikati ya jirani zetu Wakristo, na twaishi nao kwa wema. Hospitali ya wilaya iko hapa hapa Makandana. Watu wa vijijini wapita mbele ya milango yetu kila siku wakiwaleta wagonjwa wao.

Si zamani, alinijia mzee mmoja baada ya sala ya Alasiri, amefuatana na binti yake. Mzee huyu asili yake ni Tanga, na hapa mjini anauza nguo. Majina yao siyataji, kwani faida iko katika habari yenyewe. Binti alisoma Historia, Kiswahili na Kiingereza akafaulu vizuri, akaomba vyuo, akapata nafasi mbili. Ya kwanza ilikuwa katika Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichofunguliwa mwaka 2005, asomee ualimu. Ya pili ilikuwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, asomee shahada ya ualimu katika saikolojia, yaani elimu ya nafsi. Kwa shauri la baba yake akathibitisha Morogoro. Hazikupita siku nyingi akasema anataka Dodoma.

Mzee akaniambia: "Maalim, huyu nilimwuliza mara tatu, na mara zote tatu akasema Morogoro. Nimekwisha wapa habari jamaa zetu Tanga. Leo ananiambia anataka kwenda kusoma habari za wendawazimu! Nina mambo matatu. La kwanza, neno la mtu ni neno moja. La pili, hiyo saikolojia ni kazi gani, na nani atamwajiri? La tatu, huko Dodoma nani atamwangalia?"

Nikamgeukia binti, nikamwambia: "Na wewe mwanangu, sema."

Akasema: "Maalim, mimi simpingi baba, na Morogoro si pabaya. Lakini mwaka juzi shangazi yangu alijifungua, akawa analia mchana na usiku, na mtoto hataki kumshika. Mmoja akasema ni jini, mwingine akasema ni husuda, mwingine akasema ni uvivu. Alizungushwa huku na huku miezi minne. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba mtoto, na sikujua la kumwambia shangazi. Nilipothibitisha Morogoro nilimjibu baba upesi ili apate kufurahi. Baadaye ndipo nikajiuliza naenda kusoma nini, na kwa ajili ya nani."

Mzee aliinamisha kichwa, kwani shangazi anayetajwa ndiye dada yake wa tumbo moja.

Nami nikaona mambo matatu ya mzee huyu ndiyo mambo ya wazee wengi, na yanastahili kujibiwa moja baada ya moja.

NENO LA MTU NI NENO MOJA?

Kweli, dini yetu imesisitiza sana utimizaji wa ahadi, na mwenye kuahidi kisha akavunja ametajwa pamoja na wanafiki. Lakini yapasa tutenganishe mambo mawili: ahadi aliyopewa mtu mwingine, akaitegemea, na uchaguzi ambao mtu ameufanya juu ya nafsi yake mwenyewe. Kuvunja la kwanza ni kumdhulumu mwenzio. Kugeuza la pili huenda kukawa upumbavu, huenda kukawa busara, kwa kadiri ya sababu yake.

Hata kiapo, ambacho ni kizito kuliko ahadi, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye kuapa juu ya jambo kisha akaona lingine lina kheri zaidi, basi na afanye lile la kheri na atoe kafara ya kiapo chake. Ikiwa hali ni hii kwa mtu aliyeapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, itakuwaje kwa kijana aliyejaza fomu?

Tazameni pia Sayyidna Umar (R.A.) katika safari yake ya Sham. Alipofika mahali panapoitwa Sargh akaambiwa kuwa nchi ile imeingiwa na tauni. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakasema kwa neno moja kuwa arudi. Umar akatangaza kurudi. Abu Ubaida akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamfahamisha kuwa anatoka katika kadari moja kwenda katika nyingine, nazo zote ni za Mwenyezi Mungu. Kisha ndipo akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume iliyohakikisha kuwa shauri lile lilikuwa sawa. Basi huyu ni Khalifa wa Waislamu, amesafiri na watu wake, na safari yake inajulikana kote. Hakuona aibu kugeuza farasi. Lakini hakugeuza kwa kubahatisha: alipata habari mpya, akawauliza wanaojua, na akatafuta shauri mara tatu.

Hata hivyo, mwenye kugeuza nia ana haki za wenzake shingoni. Taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu ni kwamba aliyepata nafasi zaidi ya moja athibitishe moja tu. Maana yake ni kuwa nafasi unayoikalia bila ya kuitaka inamzuia mwenzio aliyeko nje anayeililia. Kwa hiyo asiyetaka kwenda na ajitoe upesi, ndani ya muda uliowekwa, ili mwingine apate. Na ikiwa ana mkopo, ahakikishe ameeleza wanaohusika, wala asiache hesabu zake zikapotea njiani. Kuzishika nafasi mbili mpaka siku ya mwisho, mtu akipima ipi itampa jina kubwa zaidi, hiyo ndiyo lawama yenyewe.

SHAKA NI ZA NAMNA TATU

Basi lawama haiko katika kufikiri tena. Lawama iko katika kufikiri kwa hoja isiyo yako. Mimi naona shaka zinazowashika vijana wetu ni za namna tatu, na kila moja ina alama yake.

Ya kwanza ni shaka ya hofu. Kijana amesikia kuwa masomo ni magumu, chuo kiko mbali, na hajapata kulala nje ya nyumba ya mama yake. Alama ya shaka hii ni kuwa ina inachokikimbia, lakini haina inakokwenda. Mwulize, "Basi wataka nini badala yake?" atanyamaza. Dawa yake ni kutiwa moyo, si kubadilishiwa chuo. Kwani ukimbadilishia, hofu itamfuata hata huko.

Ya pili ni shaka ya watu. Rafiki zake wamekwenda kwingine, au amesikia kuwa shahada fulani ndiyo yenye heshima mjini. Hawa Wanyakyusa wenyeji wetu, zamani walikuwa na desturi mashuhuri: vijana wa rika moja walitoka katika nyumba za baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, wakaishi pamoja mpaka uzee. Ilikuwa desturi yenye faida nyingi, kwani wenzi wa rika walilimiana na kuzikana. Lakini chuo si kijiji cha rika. Mkisha kupewa shahada kila mmoja hushika njia yake, na yule uliyemfuata hatakuwapo siku utakapokaa mbele ya kazi usiyoipenda. Alama ya shaka hii ni kuwa hubadilika kila kijana anapobadilisha wa kuzungumza naye.

Ya tatu ni shaka ya elimu. Huyu amejua jambo ambalo hakulijua alipochagua: ama habari ya chuo, ama habari ya kazi, ama habari ya nafsi yake. Alama yake ni kuwa aweza kuitaja sababu kwa maneno machache, na sababu hiyo yaweza kupimwa na mtu mwingine. Hii peke yake ndiyo inayostahili kumgeuza mtu njia.

Wala asidhani mtu kuwa kuzitenganisha shaka hizi ni kazi nyepesi. Imamu Ghazali, ambaye vitabu vyake vinasomeshwa katika madrasa zetu tangu Lamu mpaka Kilwa, aliteuliwa mwaka 1091 kusomesha katika chuo cha Nidhamiya cha Baghdad, chuo kilichokuwa na jina kubwa kuliko vyote wakati wake. Mwaka 1095 akaingiwa na shaka. Ameeleza mwenyewe kuwa aliitazama nia yake katika kusomesha, akaiona haikumsafia Mwenyezi Mungu; ilichanganyika na cheo na sifa. Karibu miezi sita alivutwa huku na huku: leo anaazimia kuondoka, kesho azma imevunjika. Hata ulimi wake ukafunga asiweze kusomesha, chakula kikamshinda, na matabibu wakasema kuwa maradhi haya yameanzia moyoni. Mwishoni akaondoka.

Lakini angalieni jambo ambalo watu hulisahau. Baada ya miaka kama kumi na mmoja, mwaka 1106, Ghazali alirudi kusomesha, katika Nidhamiya ya mji wa Nishapur. Yeye mwenyewe ameeleza kuwa ingawa kwa macho ya watu amerudi alikotoka, kwa hakika hakurudi, kwani zamani alisomesha elimu inayompatia mtu cheo, na sasa anasomesha ile inayomfanya akiache. Kazi ni ile ile, na vyuo vilikuwa vya jina moja. Kilichobadilika ni nia. Basi kijana anayehangaika kati ya chuo na chuo, na aanze kwa kuuliza: kinachonisumbua ni jengo, au ni lengo? Akilijua lengo, jengo litachagulika. Asipolijua, hata akipewa vyuo vyote vya dunia atabaki mlangoni.

HIYO SAIKOLOJIA NI KAZI GANI?

Hili ni jambo la pili la yule mzee, na wengi wenu mnalo. Wako wanaosema kuwa elimu hii ni ya wendawazimu tu, na wako wanaosema kuwa ni elimu ya makafiri isiyomtambua Mungu.

Kwa wale wa kwanza, jawabu ni kuwa elimu ya nafsi inahusu watu wote: mtoto anayeshindwa kusoma hali akili anayo, mjane asiyeweza kulala, kijana aliyetawaliwa na hasira, mama aliyelemewa baada ya kujifungua. Wendawazimu ni sehemu moja tu.

Kwa wale wa pili, jawabu ni kuwa Waislamu walikuwa na mlango huu tangu zamani. Abu Zaid Al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya miili na nafsi, akaigawa sehemu ya nafsi katika mambo ya hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Akapambanua huzuni ambayo sababu yake inajulikana na ile isiyojulikana sababu yake, akaona ya pili huenda ikatokana na mwili wenyewe. Akashauri pia kuwa kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya dharura, vivyo hivyo mtu aweke akiba ya mawazo mema ya kumsaidia siku nafsi itakapougua. Na katika hospitali kubwa za Kiislamu, kama ile ya Nuruddin iliyojengwa Damascus mwaka 1154 na ile ya Sultani Qalawun iliyojengwa Cairo mwaka 1284, wagonjwa wa akili walikuwa na mahali pao pa kutibiwa.

Ni kweli kwamba baadhi ya mabwana wa elimu hii huko Ulaya walijenga juu ya msingi wa kumkana Mungu. Mwanachuoni wa Sudan, Profesa Malik Badri, aliyefariki mwaka 2021, alilisema jambo hili waziwazi tangu mwaka 1975, na mwaka 1979 akatoa kitabu juu ya mashaka ya wanasaikolojia Waislamu. Aliwaonya wasiwafuate wenzao mpaka ndani ya shimo la kenge. Lakini yeye mwenyewe hakuikimbia elimu hii. Aliisoma mpaka mwisho wake, akatibu wagonjwa kwayo, akaisomesha, na uzeeni akakifasiri kitabu cha Al-Balkhi kwa Kiingereza. Hivyo ndivyo afanyavyo mwenye elimu: huchambua, mchele akautwaa na chuya akazitupa.

Tena kuna jambo la fardhi kifaya. Ghazali alilalamika kuwa mji huenda ukakosa tabibu Mwislamu ilhali wanafunzi wanasongamana katika fiqhi, kwa kuwa fiqhi wakati ule ilikuwa ndiyo njia ya vyeo. Je, leo hali yetu ni nyingine? Mimi huletewa watu niwasomee. Nawasomea, na Qur'ani ni ponyo bila ya shaka. Lakini huja mama ambaye nikisha kumsomea, yuataka mtu wa kukaa naye saa nzima, na wiki ijayo tena, ajue la kumwuliza na la kutomwuliza. Nyinyi huko pwani mnajua jinsi wagonjwa kama hawa wanavyochezewa ngoma za kupungwa, na fedha inavyotoka, na ugonjwa usitoke. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta dawa, na kisomo hakijapata kugombana na dawa.

Lakini si haki kumsifia kijana jambo bila ya kumweleza ukweli wake. Nilimwambia yule binti: "Mwanangu, karatasi zako zote mbili zimeandikwa ualimu. Ya Dodoma ina saikolojia ndani yake, lakini ukimaliza utakuwa mwalimu mwenye elimu ya nafsi, si mganga wa nafsi. Hospitali iko hapa, hatua chache. Nenda ukaulize ni kina nani wanaowahudumia watu kama shangazi yako, na wamesoma nini. Kisha rudi." Na mzee nikamwomba afuatane naye.

Walirudi siku ya tatu, na maneno yao yalikuwa mengine. Binti alikuwa amefahamu kuwa wagonjwa hawa huonwa na daktari, na wauguzi waliosomea afya ya akili, na maafisa wa ustawi wa jamii. Na walio wazito hupelekwa Hospitali ya Rufaa Mbeya, mwendo wa kilomita kama 70, au Mirembe kule Dodoma. Udaktari na uuguzi hawezi, kwa kuwa hakusoma sayansi. Zimebaki njia mbili: ustawi wa jamii, ambao husomeshwa katika Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam iliyoanzishwa mwaka 1973, au saikolojia, akijua kuwa shahada ya kwanza ni kipandio tu, na mwenye kutaka kutibu lazima apande tena, kama katika masomo ya uzamili ya saikolojia ya tiba yanayotolewa na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Wenzetu wa Kenya wao walipitisha mwaka 2014 sheria maalumu ya washauri nasaha na wanasaikolojia, kwa hiyo kazi hii inazidi kutambulikana.

Akaniambia: "Maalim, njia ni ndefu kuliko nilivyodhani. Lakini sasa naijua." Nikaona hapo kuwa shaka yake ni ile ya tatu.

Nami nilikuwa na kipimo cha upande wa pili. Mwaka ule ule alinijia kijana wa kiume aliyekwisha soma mwaka mzima wa uhasibu, akitaka kuacha aende saikolojia. Nikamwuliza sababu. Akasema wenzake wanasema uhasibu umejaa watu. Nikamwuliza saikolojia inasomesha nini. Hakujua. Nikamtuma kama nilivyomtuma yule binti; hakwenda. Baada ya mwezi alikuwa anasema habari za sheria. Huyo nilimwambia arudi kwenye uhasibu wake akaumalize, na baba yake nikamwambia asimpe nauli ya kwenda kwingine. Saikolojia ni ile ile moja. Mmoja nilimsaidia kuiendea, na mwingine nilimzuia.

NANI ATAMWANGALIA?

Jambo la tatu la mzee ndilo lililo karibu zaidi na moyo wa mzazi, na asije mtu akalicheka. Kumpeleka binti mbali si jambo jepesi, na mwenye kutafuta chuo ambacho mwanawe atasali na kujisitiri bila taabu ametafuta la kheri. Anayetaka yanayosomeshwa Morogoro, basi Morogoro ni mahali pema, na tunaliombea baraka.

Lakini jina la chuo halimtoshi mtu kuwa kinga. Mtoto husafiri na malezi yake kama msafiri na masurufu yake. Aliyefungashiwa vizuri nyumbani atasali Dodoma, na aliyeondoka mikono mitupu hatashiba hata akikaa ndani ya msikiti. Swali la kweli kwa mzazi si nani atamwangalia huko tu, bali nani amemwangalia hapa miaka hii kumi na tisa.

Mzazi ana haki ya kuuliza, kuonya, kuweka masharti na kutaka kuonyeshwa. Mzee wetu aliweka yake: binti akae na wenziwe Waislamu, apige simu kila Ijumaa, na likizo arudi nyumbani. Binti akakubali yote. Lakini mzazi hana haki ya kumfanya mtoto awe kikombe cha ushindi cha kuonyesha jamaa. Huko Tanga waliopewa habari ya kwanza walipewa na ya pili, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Wala mtoto hana haki ya kumwambia mzazi ndiyo kwa ulimi ili ampendeze, kisha akaenda kugeuza nyuma ya mlango. Adabu ya kweli ni kumwambia mzazi ukweli mapema, kwa upole. Yule binti alijitoa Morogoro ndani ya muda, kwa idhini ya baba yake, na sasa yuko Dodoma.

KUHUSU ISTIKHARA

Nimalize na jambo ambalo vijana wengi huniuliza. Wanasema: "Maalim, nimesali istikhara, sijaota kitu." Ndugu zangu, istikhara si kuagiza ndoto. Mtume (S.A.W.) aliwafundisha sahaba zake dua hii kwa uangalifu kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani, nayo ni rakaa mbili kisha kumwomba Mwenyezi Mungu akuwepesishie jambo likiwa na kheri nawe, na akuepushe nalo likiwa na shari, na akuridhishe. Hamna ndani yake sharti la kuona rangi ya kijani wala ya manjano usingizini. Na dua hii ni ya mwenye jambo mwenyewe. Si ya kumlipa mtu akusalie.

Mahali pake ni baada ya kuuliza na kushauriana, si badala yake. Asiyejua masomo ya chuo yanasemaje, gharama zake ni kiasi gani, na kazi yake ni ipi, huyo bado anadaiwa miguu yake kabla ya kuinua mikono yake. Ukisha kuuliza, ukashauriana, ukasali, basi shika njia umtegemee Mola wako, wala usigeuke kila upepo unapovuma.

Wazazi nawausia: msimwulize mtoto mara tatu "Umekubali?" Mwulizeni mara moja "Kwa nini?" kisha mngojee jawabu lake kwa subira. Vijana nawausia: msiseme "nimebadili nia" mpaka muwe mmejua nia yenyewe ni nini. Na sisi walimu wa madrasa yatupasa tujue habari za vyuo na kazi za zama hizi, tusiwe watu wa kusema haramu kwa kila jina tusilolijua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaongoze watoto wetu katika elimu yenye manufaa, awape wazazi wao subira ya kuwasikiliza, na awaponye wote wanaougua katika nafsi zao hali hawana wa kukaa nao. Amin.